Upishi Hauanzi Jikoni

Hebu mwulize mwanafunzi yeyote wa bweni jinsi ugali unavyopikwa. Atakujibu bila hata kukuna kichwa: "Unainjika sufuria, maji yakichemka unatia unga, unasonga, basi!" Jibu hilo si la uongo. Lakini ni jibu la mtu aliyeingia sinemani filamu ikikaribia mwisho, kisha akatoka nje akijigamba kwamba ameiona yote. Je, mahindi ya unga huo yalianikwa siku ngapi? Nani aliyezichagua punje mbovu akazitupa? Yaliwekwa wapi tangu Desemba? Hayo ndiyo maswali ya upishi wa kutoka mwanzo, na ndiyo niliyotumwa na Chama cha Kiswahili niyaeleze katika kurasa hizi.

Sisi tunaoishi kati ya Kitale na Bungoma tuna bahati ambayo wenzetu wa miji mikubwa hawana. Mwanzo wa chakula tunauona kwa macho yetu wenyewe. Tunapita kando ya mashamba tukienda shuleni, na wengi wetu tumepalilia tukiwa hatujui hata kusoma. Basi nitafuata mlo mmoja tu, ule ambao nyumba nyingi za Kibukusu huuandaa mgeni wa heshima akija au mtoto aliyekuwa mbali akirudi: ugali, kuku wa kienyeji na mboga za kienyeji. Nitaeleza kila kimoja kinaanzia wapi. Tena nitasema wazi ni hatua gani mpishi anaweza kumwachia mtu mwingine, na ni ipi asithubutu.

Tuanze na mahindi, maana ndiyo yaliyoupa mji wa Kitale jina. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka wa 1956. Kituo cha utafiti cha hapo hapo, ambacho siku hizi kiko chini ya KALRO, ndicho kilichotoa mbegu chotara ya H611 mwaka wa 1964, kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador huko Amerika Kusini. Kwa hivyo ukiona mtu anakwambia kwamba mahindi ya kwetu ni ya kwetu tangu enzi za mababu, mcheke kidogo, kwa adabu.

Mbegu ni jambo moja, kukausha ni jambo lingine. Mahindi ya nyanda zetu hupandwa mvua za Machi na Aprili zinapoanza, na huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Taabu ni kwamba mvua za huku hazina adabu. Mara nyingi zinarudi watu wakiwa wanavuna. Mahindi yakipukuchuliwa kabla hayajakauka, kisha yakashindiliwa guniani, hushika joto, na katika joto na unyevu huo huota kuvu. Kuvu fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini.

Nadhani kila mwanafunzi wa Kenya anafaa kuujua mwaka wa 2004. Mwaka huo huko Ukambani, hasa sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 kati yao wakafariki. Hawakula chakula cha hoteli wala cha mikebe kutoka ng'ambo. Wengi walikula mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa yakiwa na unyevu, yakapikwa na watu waliowapenda. Tena moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Chemsha, songa, choma, ipo tu! Basi mama anaweza kuwa mpishi hodari wa kusifiwa kijiji kizima, na bado asiweze kusahihisha jikoni kosa lililofanyika ghalani. Hapo ndipo nilipopata kichwa cha makala haya.

Wataalamu wa kilimo wanataka mahindi ya kuhifadhiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mtauliza, nyumbani nani ana mashine ya kupimia? Iko mbinu ya chupa na chumvi ambayo maafisa wa kilimo huwafundisha wakulima, na ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Twaa chupa ya glasi iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Itie mahindi kiasi cha thuluthi moja, halafu vijiko vichache vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika moja hivi, kisha iache itulie dakika 15. Ukiona chumvi imegandamana na kuta za chupa, jua kwamba mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, na lazima yarudi juani. Chumvi ikianguka yote chini, yameteremka chini ya 15. Siku nyingine mbili tatu za jua kali zitayamalizia. Na kuanika ni juu ya turubai au mkeka, siyo udongoni, kwani hiyo kuvu yenyewe makao yake ni udongo.

Baada ya hapo kuna kuchagua. Kukhu, yaani nyanya yangu, huketi kwenye kigoda karibu na mlango, uteo magotini, jua likimpiga mgongoni. Punje iliyovunjika, iliyogeuka rangi ikawa ya kijani au nyeusi, iliyotobolewa na dumuzi, zote hutupwa. Wala hawapi kuku wake, maana anasema lililo baya kwa mtu halimfai kuku atakayeliwa na mtu. Kazi hiyo huchukua muda mrefu kwa gorogoro chache tu, na hakuna atakayeisifu mezani. Sijapata kumsikia mgeni akisema, "Aisee mama, leo punje mbovu hazimo!" Anasifu kuku. Lakini kwangu mimi kuanika na kuchagua ndizo hatua za mapenzi kuliko zote, na ndizo ambazo mtu asimwachie mwingine asiyemjua.

Kusaga, kwa upande mwingine, ni hatua ya kumwachia mwenye mashine bila majuto yoyote. Wapo watu wanaodai kwamba ugali wa kweli ni wa unga uliosagwa juu ya jiwe. Labda. Lakini wanaodai hivyo aghalabu ni wanaume, na waliokuwa wakisaga ni wanawake. Posho mili ilimpumzisha mama mgongo, na unga wake haujambo. La kuangalia ni moja. Unga mweupe wa gredi wani umeondolewa pumba na kiini, na pamoja navyo mafuta na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Unga wa mahindi mazima unavyo vyote hivyo, ila kwa ajili ya yale mafuta haukai sana. Ukikawia huanza kuwa mchungu. Kwa hivyo usisage gunia zima kwa mpigo kama unayehama. Saga wa wiki moja au mbili. Na tuseme ukweli, unga wa pakiti wa dukani si wa kudharauliwa, kwani tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inataka utiwe vitamini na madini.

Kwa mgeni wa heshima hasa, ugali mweupe hautoshi. Hapo huja ugali wa wimbi, ule mweusi wenye harufu ya shamba. Wimbi ni mwenyeji kuliko mahindi. Mahindi yalikuja kutoka Amerika, bali wimbi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki hii hii. Tena gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, madini ya mifupa na meno, na hapo mahindi hayafui dafu hata kidogo. Adui wa wimbi ni mchanga. Punje zake ni ndogo mno, na zikipurwa chini huchanganyika na changarawe. Ndiyo maana hupepetwa, huoshwa kwa maji mengi, mchanga ukazama, kisha huanikwa tena. Mpishi mvivu atajulikana mara tu mgeni anapotafuna tonge la kwanza na kitu kikalia "kra!" katikati ya meno. Wimbi peke yake halishikani vizuri, basi kwetu huchanganywa na muhogo mkavu kabla ya kupelekwa kusagwa. Muhogo ndio unaolifanya tonge livutike bila kumeguka.

Sasa tuje kwenye mboga, na hapa naomba mnisamehe nikikaa kidogo, kwa sababu napenda mboga kuliko kuku (msimwambie baba). Pande zetu kuna murere, ambao wengine huita mrenda, wenye utelezi. Kuna saga, chungu kidogo. Kuna likhubi, yaani majani ya kunde. Kuna lisebebe, majani ya malenge. Kuna mitoo na sucha. Mpishi hachumi moja tu. Huchanganya: murere kwa likhubi ili utelezi upungue na mboga ipate mwili, saga kwa sucha, na kadhalika. Saga huchemshwa siku moja kabla, hutiwa maziwa, hulala, kisha kesho yake hupashwa moto tena, na uchungu wake unakuwa umepoa kabisa. Mtu anayepika saga na kuila saa hiyo hiyo halafu akalalamika kwamba ni chungu, huyo hana wa kumlaumu.

Siri ya mboga hizi ni munyu. Simaanishi chumvi ya dukani. Namaanisha maji ya majivu, ambayo sehemu nyingine za Uluhya huitwa musherekha. Hutengenezwa hivi: maganda na mabua ya maharagwe yaliyokauka, au maganda ya ndizi, huchomwa mahali safi hadi yawe majivu meupe. Majivu hutiwa katika mkebe uliotobolewa matundu madogo chini, mkebe huwekwa juu ya chombo kingine, na maji humiminwa polepole juu yake. Yanayodondoka chini ni maji ya rangi ya chai hafifu, na ndiyo munyu. Hutiwa kidogo tu katika maji yanayochemka kabla ya mboga kuingia.

Ndugu zangu wa kidato cha tatu mnaosoma kemia, hapa kuna somo lenu. Majivu hayo yana kabonati ya potasiamu, nayo ikiyeyuka majini inayafanya yawe na nguvu ya alkali. Chovyeni karatasi nyekundu ya litmasi humo, mwalimu akikubali, na mtaiona ikigeuka buluu. Alkali hulainisha nyuzi za majani, hivi kwamba likhubi gumu linaiva upesi na kuni zinabaki. Pia hulinda rangi ya kijani: klorofili ina magnesi katikati yake, na asidi inayotoka kwenye majani yenyewe wakati wa kupikwa huing'oa, mboga ikawa ya rangi ya udongo. Kwa sababu hiyo hiyo wapishi wetu hawafuniki sufuria ya mboga, ili ile asidi itoke na mvuke. Kukhu hajasoma kemia hata siku moja, lakini ukifunika sufuria yake ya murere atakupigia kelele. Ila munyu ukizidi ni hasara, maana alkali huharibu vitamini C na vitamini B1, na ladha huwa ya sabuni. Tena mtu mwenye ugonjwa wa figo asipewe bila kumwuliza daktari, kwa ajili ya hiyo potasiamu.

Haya, kuku. Ingokho! Huyu wa kienyeji hakuja katika karatasi ya plastiki. Jioni hufunikiwa chini ya tenga ili asubuhi asisumbue, la sivyo watoto watamkimbiza hadi kwa jirani na nyama iwe ngumu zaidi. Akishachinjwa hutiwa maji moto, hunyonyolewa, kisha hubabuliwa juu ya miali ya moto ili vinyweleo viishe na ngozi ipate harufu ile tunayoijua. Hukatwa kwenye viungo, sio kugongwa gongwa kwa panga mpaka mifupa isambae kama vioo. Nyongo hutolewa kwa uangalifu mkubwa, maana ikipasuka kuku mzima anaharibika. Huchemshwa kwa maji na chumvi, polepole, saa moja kwa mwana kuku na hata saa mbili kwa kuku mzee. Mchuzi ukipungua, mafuta yake mwenyewe hutosha kumkaanga, na baadaye kitunguu na nyanya. Viungo vingi vya pakiti havihitajiki. Kuku aliyekula mchwa na wimbi uani ana ladha yake tayari, na anayemfunika kwa unga wa viungo nadhani hakumwamini.

Firigisi ina mwenyewe. Katika nyumba nyingi za Waluhya ni ya baba mwenye nyumba au ya mgeni anayeheshimiwa, na ikikosekana sahanini huzuka maswali. Lakini lipo jambo zito kuliko firigisi. Zamani, mila ilimkataza mwanamke kula kuku kabisa. Fikirini jambo hilo vizuri. Mtu aliyeamka alfajiri, akamshika jogoo, akamnyonyoa, akakaa moshini saa mbili, ndiye hakuruhusiwa kuonja hata bawa! Ladha ya chumvi aliipimaje? Kwa kuonja mchuzi kwa siri, nadhani, au kwa mazoea ya mkono. Siku hizi mwiko huo umekufa katika nyumba nyingi, na akina mama na mabinti wanakula kuku kama wengine. Kilichobaki hakijafa: kazi yenyewe bado ni ya mtu mmoja. Wavulana wa Kibukusu, mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawika kwa mbili, wakati wa tohara, mnakula karamu kubwa kuliko zote. Nani kati yenu amewahi kuulizwa achambue murere? Nimesikia wengine wakisema mvulana aliyepita tohara hafai kuonekana karibu na mafiga. Basi na wapishi wa kiume wa mahoteli ya Nairobi wamefanyaje? Nyanya hatakuwa na nguvu za kupepeta wimbi milele, na mambo haya hayamo katika kitabu chochote cha mtihani. Yamo mkononi mwake. Likizo ya Desemba ni wiki nyingi. Mtu anaweza kuketi na uteo asubuhi mbili tatu bila ndevu zake kuanguka.

Watu wa makabila mengine tunaoishi nao wana miiko na ustadi wao wa mwanzo, kwani Trans Nzoia ni kapu la watu wengi. Majirani wetu Wakalenjini hawamimini tu maziwa na kungoja mursik. Kibuyu husafishwa, halafu hupakwa ndani mkaa wa kijinga cha mti wa senetwet, ndipo maziwa huingia na kulala siku kadhaa. Na kwenye mteremko wa Mlima Elgon, upande wetu na wa Uganda, machipukizi ya mianzi hukaushwa kwa moshi, yakapikwa baadaye kwa njugu zilizopondwa. Huo ni upishi ulioanza msituni wiki nyingi kabla ya mgeni kubisha hodi.

Nimesema mgeni, na kabla ya kufika kwenye siku yenyewe ya kupika lazima nitaje jambo moja: mlaji ni nani? Mpishi wa hoteli hamjui. Wa nyumbani anamjua. Kuka wangu hana magego, basi murere wake huchemshwa zaidi na nyama yake hutolewa mfupani. Senge ana shinikizo la damu, na sehemu yake huchotwa kabla chumvi haijaongezwa. Mtoto mdogo hutengewa uji wa wimbi mwepesi. Sufuria moja, watu wanne, na kila mmoja amefikiriwa. Hilo hakuna duka linaloliuza.

Siku ikifika, mpangilio ni huu. Saga iko tayari tangu jana. Kuku hutangulia motoni, maana ndiye mwenye kiburi cha muda. Akianza kulainika, murere huchambuliwa, huoshwa na kupikwa katika munyu kwa dakika kumi hivi, bila kifuniko. Ugali huja mwisho kabisa, kwa sababu haungoji mtu. Maji yachemke hasa, unga uingie kidogo kidogo, mwiko usipumzike, ukandwe kwenye ukingo wa sufuria hadi uache kunata, kisha moto upunguzwe na ufunikwe dakika chache uive kwa mvuke wake. Ukinukia, upakue, mgeni ameshanawa. Kinachobaki chini ya sufuria ni ukoko, na ukoko ni wa watoto. Nyumbani kwetu tuko sita, sufuria ni moja, na mdogo wetu wa mwisho ndiye mwenye mbio kuliko wote.